Nusu ya Wimbo wa Ndama

Siku tulipomzika Nesi nilipiga wimbo nusu, nikashusha upinde, nikasimama. Padre alinitazama akingoja. Wenye koleo walinitazama. Mwenye spika za kukodi, aliyekuwa amezima mtambo wake kwa shingo upande ili mimi nipate nafasi, alingoja naye, akaona kimya kinazidi, akawasha tena. Basi udongo ukaanza kumwagwa juu ya sanduku kwa muziki wa kwaya ya mjini yenye ngoma za mashine, muziki ambao Nesi angeuita kelele za mabati.

Masieda nzima, kijiji chetu, inasema nilishindwa kwa machozi. Shangazi yangu ndiye anayeieneza habari hiyo, na anaisema kwa sauti ya kunitetea. Sikulia. Macho yalikuwa makavu na vidole vilijua kabisa pa kwenda. Aliyenizuia ni Nesi mwenyewe, na kwa kuwa nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja kando ya shamba langu la vitunguu saumu, nitaeleza hapa mara moja.

Kinachowauma watu ni kwamba aliomba, na hilo wanalijua. Alisema mbele yetu, akiwa bado na nguvu za kumkimbiza mbuzi: "Siku yangu msiniletee spika. Mnipigie wa Ndama, polepole, na muufunge. Msiniache wazi." Huyu alikuwa mtu ambaye hakuomba hata moto kwa jirani. Aliomba hicho kimoja maishani mwake, na hakukipata.

Alikuwa nesi wa zahanati ya misheni, na hata alipostaafu, wakaletwa manesi vijana, neno Nesi lilibaki lake. Hao wengine tuliwaita kwa majina yao. Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele kidogo, sweta ya kijivu mwaka mzima maana baridi ya kwetu haina likizo, na viatu vya raba vyeupe ambavyo sikuwahi kuviona na tope zaidi ya nusu saa. Chini ya taya la kushoto alikuwa na alama nyeusi. Watoto tulidhani aliungua na uji. Ilikuwa alama ya fidla.

Mkono wake wa sindano ulikuwa mzito. Mtoto akilia kabla ya kuchomwa alirudishwa mwisho wa foleni, akatafakari. Akilia baada ya kuchomwa aliruhusiwa kulia anavyotaka, hata akapewa kiti. "Kilio kina wakati wake," alimwambia mama yangu, "asikitumie kabla ya kazi." Mama alikasirika kutwa nzima, na kesho yake akanipeleka kwake nikafundishwe fidla. Sijui alifikiri nini. Labda alifikiri mtu mkali namna ile hawezi kunifundisha upuuzi.

Fidla Nesi aliipata kwa Sista, mzungu aliyeiongoza zahanati zamani, ambaye baba yake alitoka Uskoti na mama Ayalandi, au kinyume chake. Nesi hakuwa na hakika. "Nchi mbili za mvua," alisema, "kama hapa mwezi wa nne." Kazi ikiisha jioni, Sista alimfundisha nyimbo za kwao za namna mbili. Kulikuwa na wolsi, yaani dansi za hesabu ya tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Na kulikuwa na zile ambazo Nesi aliziita za polepole, ambazo hazichezwi wala haziimbwi, mtu anakaa tu zinampitia. Kisha Sista akaugua, akarudishwa kwao, fidla ikabaki na Nesi.

Sasa nieleze jeraha lake, maana alikuwa nalo na alilificha vibaya. Nyimbo zote alizofundishwa zilikuwa nyepesi. Sista alimwambia hivyo waziwazi: tuanze na nyepesi, za watoto na za wanaojifunza, ngumu zitafuata. Hazikufuata. Nesi akabaki na wolsi chache na za polepole chache, akazipiga ujana wake wote na uzee wake wote, akijua kwamba mahali fulani duniani hizo ndizo wanazopewa watoto wa siku ya kwanza. "Mimi ni mtoto wa darasa la kwanza mwenye mvi," aliniambia siku moja tunapanga mbegu za vitunguu kwenye trei. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na bado kila alipotufundisha alianza na neno hilohilo. "Huu ni mwepesi." Tukahangaika na huo mwepesi kutoka palizi mpaka mavuno, na ukiwa umeshaloa jasho anauliza, "Bado? Lakini ni mwepesi." Nalichukia hilo neno mpaka leo. Mtu wa duka la pembejeo akiniambia mashine fulani ni nyepesi kutumia, namnunia bure.

Tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, Paskalina, na Bura. Fidla ilikuwa moja. Nyuzi zikikatika Nesi alifumua waya wa breki ya baiskeli, akachagua uzi mmoja mwembamba, akaufunga. Singa za upinde alizitoa kwenye mkia wa punda wa jirani, kwa ruhusa ya jirani ingawa si ya punda. Wenye muziki wao mjini wakisikia hayo wanashika kichwa. Lakini sauti ilitoka. Ilitoka na mchanga kidogo ndani yake, na mimi leo nikisikia fidla safi ya kwenye simu naona kama maji ya chupa, hayana ladha ya mahali popote.

Wolsi haikutuingia. Nyimbo za kanisani tulizipigia makofi mawili au manne, na miguu ina hesabu ya mbili, sasa hiyo ya tatu tuiweke wapi? Tuliihesabu kwa mdomo na mikono ikaenda kwingine. Siku moja Nesi aliiweka fidla chini, akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye kinu, akamwaga mahindi ya kande, akatugawia michi. Mkitwanga wawili, mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, hata mwendawazimu anaweza. Mkiwa watatu kwenye kinu kimoja, lazima uwangoje wenzako wawili wapite ndipo uingie. Ukiwahi, michi inagongana na mahindi yanaruka. Paskalina aliwekwa wa kwanza kwa sababu alikuwa na nguvu, mimi wa pili, Bura wa tatu. Tulitwanga mpaka ganda likatoka lote. Nesi akachukua fidla, akapiga wolsi juu ya michi yetu, na ghafla ikawa na mahali pa kukaa. Nakumbuka nilitaka kupiga kelele kwa furaha na sikuthubutu kwa sababu zamu yangu ilikuwa inafika.

Mama yake Bura alikuja kesho yake, ameshika kiuno.

"Shikamoo Nesi. Nimesikia mwanangu anatwanga kama binti anayetafutiwa mchumba."

"Marahaba. Anajifunza hesabu."

"Hesabu za kinu?"

"Mpaka tatu tu," alisema Nesi. "Akiweza hiyo namrudisha."

Tulijifunza wolsi zote namna hiyo, na nimebaki kuwa wa pili maisha yangu yote. Hata kwenye kikao cha wakulima nangoja mtu mmoja aseme ndipo na mimi niseme, kisha natazama kama kuna wa tatu.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjika. Alifundisha kipande kwa kipande, na hakuna aliyeruhusiwa kutangulia. Unaweza kumsikia akipiga kipande kinachofuata, ukakishika kwa sikio, ukakijua kabisa, lakini ukijaribu kukigusa alikuja akaweka kiganja juu ya nyuzi, sauti ikafa. "Hapo usipaguse mpaka nikwambie." Hakueleza. Ungeweza kukaa kwenye mlango wa kipande wiki nzima, unakijua na hukigusi.

Paskalina alitangulia mara moja. Ndiye aliyekuwa bora kati yetu, hilo halina ubishi, Bura mwenyewe anakubali. Alisimama dirishani kwa Nesi akasikiliza wolsi nzima, na siku ya zamu yake akaipiga yote bila kosa, mpaka mwisho, akatutazama anacheka. Nesi akamvua fidla mikononi. Hakumpa tena mpaka mahindi yaliyokuwa yanapandwa siku ile yakavunwa. Msimu wote Paskalina alikuja, akakaa kwenye benchi, akatutazama sisi vilaza wawili tukikosea kitu anachokijua. Aliporuhusiwa, alianzishwa upya kwenye kipande cha kwanza. "Umeijua," Nesi alimwambia, "lakini hujaingoja." Nilimchukia Nesi msimu ule kwa moyo wangu wote. Naona hata sasa alikuwa na ukatili fulani ambao uzee haukuugeuza kuwa kitu kingine kizuri.

Ukiuliza watu kama alipenda muziki watakuambia sana. Yeye alisema hapendi. "Napenda kazi ikiisha," alisema. Hakupiga kwa kuombwa. Mkuu fulani alikuja kutembelea zahanati, akaambiwa kuna nesi anayepiga fidla, akaomba asikie kidogo. Nesi akamwambia shikamoo kwa adabu kamili, akaenda kuosha mabeseni. Lakini chumba cha kina mama wanaosubiri kujifungua kilimpata bila kumwomba. Uchungu ukiwa mchanga, kabla kazi yake ya mikono haijaanza, alikaa kwenye kigoda mlangoni akapiga wimbo wa polepole, na alipofika mwisho hakuufunga. Aliacha pale ambapo sikio linadai bado kidogo, akarudi mwanzo. Mtoto akishalia, na mama ameshafunikwa, na mabeseni yameoshwa, ndipo alirudi akaufunga. Kwa mtu anayekufa alifanya tofauti. Huyo alimpigia wote na kuufunga hapohapo kitandani, taratibu, akiwa anamtazama usoni. Kwa hiyo wagonjwa wa kwetu walijua. Mzee mmoja alisikia wimbo unafungwa, akafungua macho akasema, "Nesi, mbona mapema?" Akaambiwa alale. Alilala kweli, na hakuamka.

Wimbo aliotumia hasa ni wa Ndama. Jina si la kizungu. Gari la misheni lilikuwa linampeleka kliniki za chanjo mpaka Hanang, na huko Getanuwas kulikuwa na mzee wa wafugaji, amesimama na fimbo yake, mguu mmoja umeegemea goti la mwingine, anangoja wake zake wamalize na watoto. Nesi alikuwa anapiga ili watoto watulie. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mkalimani, akauliza kwa hasira ya kweli: "Ndama wake mmempeleka wapi?" Mkalimani hakuelewa. Mzee akaionyesha fidla kwa fimbo. "Huyo ng'ombe wake analia. Ndama yuko wapi?" Wote walicheka isipokuwa Nesi. Alirudi Masieda akatuambia Sista hakuwahi kumweleza wimbo ule unahusu nini, sasa ameambiwa. Tangu hapo ukawa wa Ndama, na jina lake la kwao limepotea.

Wolsi nazo zilikuwa na mkasa wake. Sista aliwahi kumwonyesha Nesi zinavyochezwa huko kwao, watu wawili wameshikana, wanazunguka. Nesi alipotaka kuonyesha hivyo kwenye harusi ya kwanza, Padre wa wakati ule alisema hakuna kushikana mbele ya kanisa lake. Basi maharusi watembee. Lakini utatembeaje kwa hesabu ya tatu na miguu miwili? Nesi akaamua: mguu, mguu, simama. Mguu, mguu, simama. Bwana harusi na bibi harusi waliingia kanisani hivyo, na wasimamizi nyuma yao, na ukoo mzima, kila mtu akisimama mwisho wa hatua mbili kama aliyesahau kitu nyumbani. Mgeni mmoja kutoka Babati alimwuliza jirani yake kama ukoo huu una ugonjwa wa nyonga.

Huo mwendo ukabaki. Ulihama kwenye harusi ukaingia kwenye misiba, ukaingia kwenye kupeleka sadaka. Leo spika inapiga muziki wa nne kwa nne na watu wa Masieda bado wanaenda mguu, mguu, simama, hawasikilizani kabisa na spika. Vijana wanaubeba bila kujua ulitoka wapi. Siku ya maziko yake, waliobeba sanduku walienda hivyo kutoka kanisani mpaka kaburini, na ukinibana sana nitasema hicho ndicho alichotuachia: kijiji kinachotembea kama kimesahau kitu.

Paskalina aliolewa na mtu wa hapohapo. Mimba yake ya tatu ilifika wakati wa mvua kubwa, na ingawa Nesi alikuwa ameshastaafu, Paskalina alisema hataki mwingine. Nesi alikuja na raba zake na fidla yake. Nilikuwepo, nilikuwa nimemshika mkono Paskalina, na alikuwa anacheka katikati ya maumivu, anaunong'ona wa Ndama pamoja na fidla. Ulipofika pale pa kuachwa alimkonyeza Nesi.

"Niufunge mimi?" akauliza.

"Usitangulie," alisema Nesi, na nilimwona akitabasamu, jambo ambalo ningeweza kulihesabu kwenye vidole.

Mtoto alitoka na hakulia kamwe. Kisha damu ikaanza na haikukata. Nesi aliweka upinde dirishani, akafanya kila kitu anachokijua, na wale manesi vijana wakafanya vyao vipya, na gari la wagonjwa likaitwa. Lilikwama kwenye tope la mlima. Tulilisukuma. Paskalina alifia humo garini, kichwa mapajani pa Nesi, na Nesi hakuwa na fidla.

Kwenye maziko ya Paskalina Nesi aliupiga wa Ndama mpaka mwisho, na ndiyo mara pekee niliyomsikia anaharakisha. Aliukimbiza. Alifika kwenye kufunga akapita kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Usiku wa matanga alikaa nasi, mimi na Bura, akiwa bado na udongo kwenye zile raba, na ndipo aliposema yale maneno ya siku yake, kuhusu spika, na kufunga, na kutoachwa wazi. "Yule nimemwacha wazi," alisema. Bura akamwambia, "Nesi, si umemfungia leo?" Akamjibu, "Leo nimefunga wimbo. Yeye alishaenda."

Baada ya hapo mambo yaliporomoka moja moja. Ilikuja mashine ya kukoboa, kinu kikageuzwa cha kunyweshea kuku, na hata tungepata watoto wa kufundishwa hakuna tena anayejua kutwanga watatu. Kwaya ilinunua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Bura alikipenda, akakijua, akahamia Arusha, na sasa anapiga kwenye kumbi za harusi. Si mtu mbaya. Zile spika za kwenye maziko ni yeye aliyezituma, kwa upendo kabisa, ombi la usiku ule limeshamtoka kichwani, kwa kuwa hakupata ruhusa ya kuja. Aliponipigia kuuliza kama zimefika nilimwambia zimefika, asante. Ningemwambia nini?

Kisha kuna ile simu ya mwanangu. Alikuja likizo, akasema ametafuta nyimbo za Nesi mtandaoni na amepata moja, twende tukamwonyeshe. Nilifurahi, nilidhani namletea zawadi. Tulimkuta anachambua maharage. Kwenye kioo akatokea mtoto wa kizungu, wa kike, meno ya mbele hayapo, amesimama jikoni kwao, anapiga wolsi ya Nesi. Ileile ya kinuni. Nesi alitazama mpaka mwisho.

"Hapo juu wameandika nini?" aliuliza.

Mwanangu akasoma, akatafsiri bila kuwaza. "Wameandika wolsi na nyimbo za polepole za Uskoti na Ayalandi. Nyepesi, kwa wanaoanza."

"Ameanza lini huyo mtoto?"

"Amesema miezi michache, bibi."

Nesi akarudi kwenye maharage. "Anajua kufunga," alisema. Hatukumsikia akipiga tena mwaka ule. Nilipomwuliza alisema vidole vimekaza, na vilikuwa vimekaza kweli, lakini vilikuwa vimekaza hata kabla. Mwishoni alinipa fidla nikaitunze kwangu. Aliikabidhi bila kuitazama, kama unavyomkabidhi mtu beseni.

Mpwa wake wa kike, aliyeolewa Masakta, alimchukua akamuuguze. Ni mbali na kwetu na ni nchi nyingine: tambarare, upepo, alizeti na mbaazi mpaka kwenye miguu ya Mlima Hanang. Nilienda kumwona baada ya kuvuna vitunguu. Nilibeba fidla kwa sababu mpwa alisema kwenye simu kwamba bibi anaimba jambo moja kutwa nzima na haliishi, na pengine mimi nitalijua.

Alikuwa amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Raba zake nyeupe zilikuwa chini ya kitanda, safi, ingawa alikuwa hatembei tena. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba, Paskalina," alisema. "Umechelewa. Mwenzako yuko wapi?"

Mpwa akanitazama anaona haya. "Ndivyo alivyo sasa, dada. Mimi ananiita Sista."

Nikasema mwenzangu anakuja. Nesi akafumba macho akaanza kuimba kwa pua, chini kabisa, na lilikuwa ndilo hilo lisiloisha: wa Ndama, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mpaka pale pa kuachwa, kisha mwanzo tena. Alikuwa hapati kufunga. Kila alipofika alisita, midomo ikatafuta, vidole vikatafuta kwenye blanketi, uso ukaingia hofu, akarudi mwanzo. Mpwa alisema anafanya hivyo toka asubuhi na analala akifanya hivyo. Nilimwonea huruma. Nikafikiri, nimekuja na dawa yake. Nitampigia wote, atausikia mwisho, atapumzika.

Nikakaza nyuzi, nikapaka utomvu kwenye upinde, nikapiga. Alinyamaza akasikiliza. Nilipofika pale nikaendelea kama alivyonifundisha, noti ile ndefu inayoshuka, na ya mwisho inayoipokea.

"Sio," alisema.

Nikapiga tena.

"Sio hivyo. Unatoa wapi hiyo? Rudi."

Nikarudi. Nilipiga hapo mahali kwa kila namna niliyoijua, nzito na nyepesi, mpaka ikafika mahali mimi mwenyewe sikuwa na hakika tena kama ule mwisho alinifundisha yeye au nimeutunga. Kila mara alitikisa kichwa, akizidi kukasirika, kwa ukali uleule wa kwenye foleni ya sindano. Ukali haukumpotea. Vilivyobaki vyote vilikuwa vimempotea na huo ukabaki mzima. Kisha akanyoosha mkono, mkavu kama ganda, akauweka juu ya nyuzi, na sauti ikafa.

"Umetangulia tena," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Paskalina, mwanangu. Nimekuambia nini? Mtoto hajalia bado."

Hapo nikaelewa niko wapi. Nilikuwa kwenye kile chumba cha zahanati, mvua inanyesha, nimelala kitandani, na nikiufunga huo wimbo nakufa. Nikaushusha upinde. Nikamwambia sijafunga, Nesi, sijafunga, angalia, mkono uko chini. Akanishika kidole gumba akatulia, akaanza tena kuuimba kwa pua, mwanzo mpaka pale, mwanzo mpaka pale, na hofu ikapungua usoni, maana sasa alikuwa hatafuti tena, alikuwa ananilinda.

Tulikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Mpwa alikuja kuniambia gari la mwisho la Katesh linakaribia kuondoka. Nikaiweka fidla kwenye mfuko wake, nikainama sikioni.

"Nesi, naenda."

Akafungua macho. "Umefunga?"

"Bado."

"Vizuri. Hapo usipaguse mpaka nikwambie."

Nikamwambia, sawa Nesi.